Huyo Mama Anahama Lini?

Mimi nahamisha watu. Hiyo ndiyo kazi iliyonitoa kimaisha. Wako watu hapa Doha wanaojisifu kwamba wanajuana na wakubwa. Mimi nimebeba vitanda vya hao wakubwa, na nikwambie ukweli, ni vigumu kumwogopa mtu ukishaona kilicho nyuma ya friji lake. Nimehamisha madaktari, marubani, walimu wa shule za kimataifa na mabwana wa benki. Nimewaingiza The Pearl, kile kisiwa cha wenye pesa, wakishangilia kwamba bahari iko mlangoni, na hao hao nimewatoa wakinong'ona habari za kodi. Na wote, msomi kwa mjinga, wana katoni moja iliyoandikwa "muhimu" kwa kalamu nene. Ukiifungua, ndani ni nyaya za simu zilizokufa zamani.

Shule sikufika mbali. Niliacha darasa la sita, na aibu sina. Aibu waone walionifundisha. Nilikuja Qatar kuwa dereva wa nyumba ya watu, nikipeleka watoto kwenye shule ambayo mimi mwenyewe nisingeruhusiwa kuvuka geti lake. Leo nina malori, nina mafundi wa kufungua makabati na kuyafunga upya, na nina nyumba Muaither yenye uwanja ambapo malori hayo hulala usiku kama ng'ombe walioshiba. Mshirika wangu wa Kiqatari hutia sahihi anapotakiwa, huniuliza hali ya mama yangu, kisha huenda zake. Mengine yote ni kichwa hiki.

Na kichwa hiki kina swali moja. Mteja akipiga simu anataka lori, simwulizi ana viti vingapi wala anakaa ghorofa ya ngapi. Namwuliza, "Kule unakohamia, aliyemo anahama lini?" Wenzangu katika kazi hii hawaulizi. Nimeona lori la mwenzangu, limejaa mpaka mlangoni, likichomwa na jua kutwa nzima nje ya nyumba ambayo mwenyewe bado yumo ndani anakaanga samaki. Nyumba haihamiwi mpaka kwanza mtu ahame. Hiyo ndiyo digrii yangu, na hakuna chuo kilichonipa.

Mdogo wangu ana digrii za kweli, zimewekwa kwenye fremu. Karo nililipa mimi, kwa hiyo nikiisema elimu yake nasema kama mtu aliyewekeza. Ni wa kompyuta. Mke wake ni nesi. Walikuwa wakikaa Al Thumama, karibu na uwanja wa ndege, pamoja na watoto wao wawili na kiyoyozi kinachonguruma kama mzee mwenye pumu. Mwaka ule kampuni ya mdogo wangu ilimwambia mkataba hautaendelea. Hapa kazi ikiisha, kibali cha kukaa kinakwisha, na kibali kikiisha hata paka wako anajua mnaondoka. Alikuwa amepata kazi nyingine, ya kampuni ya mbali, ambayo mtu anaweza kuifanya popote penye mtandao. Sasa akatafuta hiyo popote. Nyumbani Kenya hakutaka. Wangemcheka kwamba amerudi bila Ulaya. Walikuwa na akiba ya miaka yao yote ya Doha, inayotosha nyumba moja tu. Wakikosea, wangebaki na watoto wawili, masanduku, na hakuna nchi ya kuwafungulia mlango. Na shemeji, kwa haraka ya watu wenye imani, alikuwa tayari ameandika barua ya kuacha kazi.

Ndipo likaja lile onyesho la nyumba za Uhispania, katika ukumbi wa hoteli.

Mdogo wangu alinichukua ili nikaone. Nilivyoelewa mimi, alinichukua ili nikashangae. Tulikuta vijisahani vya chakula cha kumezwa mara moja, picha za bahari kila ukuta, na dalali wa Kizungu aliyevaa suti nzuri lakini bila soksi. Vifundo vyake vya miguu vilikuwa wazi kama vya kuku. Kuanzia hapo nilimwita Bila Soksi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko suti.

"Mji huu," akasema, "una jua karibu mwaka mzima."

Nikamwangalia. "Ndugu yangu, umetoka nje ya hoteli hii tangu ufike?"

Ilikuwa mwezi wa Mei. Nje, usukani wa gari ulikuwa haushikiki bila kitambaa. Na ndani ya ukumbi ule, watu waliotumia nusu ya maisha yao wakikimbia kivuli hadi kivuli walikuwa wamepanga foleni kununua jua jingine. Wengine waliliulizia kama hawajawahi kuliona. Mama mmoja aliuliza kama ni jua la asubuhi au la jioni. Nilikula vijisahani vyao, maana ndicho kitu pekee pale kilichokuwa cha bure na cha kweli.

"Na nikinunua," mdogo wangu akauliza kwa Kiingereza chake cha ofisini, "nitapata kibali cha kuishi?"

"Nyumba," Bila Soksi akasema, "hufungua milango."

"Milango ya nyumba au ya nchi?" nikauliza mimi.

Alicheka kwa meno tu. Mdogo wangu alinikanyaga mguu. Baadaye ikaja kujulikana kwamba kununua nyumba kule siku hizi hakukupi kibali chochote. Nyumba ni kitu kingine na kibali ni kitu kingine, na mtu anayefanya kazi ya kompyuta kwa kampuni ya mbali ana njia yake ya kuombea, awe amenunua au amepanga. Lakini siku ile ukumbi mzima uliitikia kwa vichwa kana kwamba wamejibiwa. Watu waliosoma wana ugonjwa huo. Wakiambiwa sentensi nzuri, husahau walichouliza.

Bila Soksi akawapata. Aliwatafutia fleti ya vyumba vitatu, ghorofa ya pili, balkoni inayotazama bahari, kwa bei iliyo chini kuliko zote za mtaa ule. Kwa nini iwe chini? "Mwenye nyumba ana haraka." Shemeji alilia kwa furaha. Alisema ni Mungu. Sijawahi kuelewa kwa nini watu wakiona bei ya chini humtaja Mungu, na wakiona ya juu humtaja shetani. Mimi nikiona bei ya chini nauliza kuna nini chini ya zulia.

Sasa, kwetu mtu akinunua shamba haendi peke yake. Anakwenda na watu wake, wanatembea mpaka kwa mpaka, wanawasalimu majirani, wanakunywa chai. Kwa kuwa watu wake hawakuweza kwenda Uhispania, nyumba ililetwa Al Thumama. Ijumaa baada ya ibada, maana hapa hata makanisa husali Ijumaa, ushirika wao wote wa maombi ulijaa sebuleni. Walikuwepo manesi, wahudumu wa hoteli, na mchungaji wao, ambaye siku za kazi ni mkuu wa walinzi katika jengo la ofisi na huhubiri kwa sauti ya kuzuia wezi. Kulikuwa na pilau, chapati, na chai ya karak kwenye chupa kubwa. Simu iliunganishwa na televisheni. Bila Soksi akatokea kwenye kioo, akitembea ndani ya ile fleti na simu mkononi, na watu wakapiga makofi kama harusi.

"Hapa sebule," akasema.

"Amina," wakasema.

"Hapa chumba kikubwa."

"Amina, pokea dada!"

Shemeji alikuwa akipokea kwa mikono miwili. Kisha simu ikaelekea balkoni, na pale balkoni alikuwepo bibi mmoja. Bibi kizee wa Kihispania, gauni la nyumbani la maua, ndara miguuni, kopo mkononi, akimwagilia maua yake. Akageuka, akaona simu, akapunga mkono.

Basi sebule ikayeyuka. "Oooh, nyanya!" "Mwone alivyo mzuri!" Shemeji, aliyekuwa akijifunza Kihispania kwa simu, akapaza sauti, "Ola, mama! Ola!" Mchungaji alisimama kidogo kutoka kwenye kiti, kama mtu anayempisha mkubwa wake. Bibi akabusu vidole, akatupa busu kwenye kioo, akarudi kwenye maua.

Hakuna aliyeuliza kitu. Nataka mnielewe hapa, maana hapa ndipo nilipowadharau kwa moyo wote. Kwetu, ukimkuta mzee ndani ya nyumba, unamsalimu, unakaa, unakunywa alichokupa. Humwulizi yeye ni nani hapo, na hata kwa mtutu wa bunduki humwulizi anaondoka lini. Ni adabu. Nami naijua, nimelelewa nayo. Lakini hawa watu, wenye vyeti vya kupima dawa na vya kutengeneza programu, walichukua adabu ya kunywea chai kijijini wakaenda nayo kununua nyumba ya Ulaya.

Mimi ningekaa kimya, lakini kazi ni kazi. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Huyo mama," nikasema, "anahama lini?"

Chapati zilisimama hewani.

"Shem!" akasema shemeji.

"Brathe, aki ya Mungu," akasema mdogo wangu.

"Unamfukuza nyanya wa watu kwa televisheni?" akauliza nesi mmoja aliyekuwa nyuma.

"Simfukuzi. Nauliza tarehe. Mwulizeni huyo Bila Soksi."

Mdogo wangu aliuliza kwa Kiingereza cha kuomba radhi, maneno mengi hata swali likazama katikati. Bila Soksi akatabasamu. "Ni mama mzuri sana. Ni wa familia. Mtampenda."

"Sikuuliza kama nitampenda," nikasema. Lakini simu ilikuwa imeshageuka kwenda jikoni, na watu walikuwa wanasema amina kwa kabati.

Wao walitazama kabati. Mimi nilitazama nyumba. Nimeingia katika nyumba nyingi zenye watu wanaohama, na najua zinavyonuka hata kwenye kioo. Mtu anayehama ana katoni mlangoni. Ana alama nyeupe ukutani pale picha zilipokuwa. Pale picha zilijaa ukuta mzima, mabwana harusi na watoto wa komunyo. Mapazia yalikuwa mapya, bado yana mikunjo ya dukani. Na kwenye balkoni, kati ya vyungu vya zamani, kulikuwa na chungu kimoja chenye udongo mbichi na mche mdogo umesimama peke yake. Mtu anayehama hapandi ua.

Nilimvuta mdogo wangu nje, kwenye kibaraza chao chenye upepo wa moto. Ndege ilipita juu yetu, ikabidi tungoje imalize ndipo tugombane.

"Umeniaibisha mbele ya watu," akasema.

"Mwenye nyumba ana haraka, siyo?"

"Ndiyo alivyosema."

"Mwenye haraka anatundika mapazia mapya?"

"Brathe, kuna mwanasheria. Kila kitu anaangalia mwanasheria."

"Ameletwa na nani?"

"Ofisi ya dalali."

"Kwa hiyo mnacheza mechi, na refa ni mjomba wa kipa wao."

"Na kuna ofisa wa serikali kule anayeshuhudia mkataba. Hauwezi kusainiwa bila yeye."

"Anashuhudia mlichokubaliana. Mkikubaliana ujinga, atashuhudia ujinga."

Ndipo akasema lile neno ambalo wasomi wote huliweka mfukoni kwa siku kama hiyo. "Kwa heshima, kaka. Wewe ulifika darasa la ngapi?"

"Lile lililotosha kukulipia yako," nikamwambia.

Ndege nyingine ikapita. Ilipokwisha, nilimwomba kitu kimoja tu: asitume arbuni kabla ya simu moja zaidi kwa Bila Soksi. Alikubali, si kwa ajili yangu, bali kwa sababu shemeji alitaka dada yake aione bahari. Nilichukua hiyo hiyo. Mimi si mtu wa kuchagua mlango. Ukiwa wazi napita.

Wiki ile ile nilikuwa na kazi The Pearl, kumhamisha mama mmoja wa Kihispania ambaye mumewe alikuwa amemaliza mkataba wa uhandisi. Alikuwa na viatu vingi kuliko mlango wa msikiti siku ya Ijumaa. Kila mara vijana wangu walipodhani vimekwisha, alifungua kabati lingine. Alikuwa mkali, anavuta sigara dirishani na kutoa amri kwa Kiingereza cha kukatakata, na mimi humpenda mteja wa namna hiyo kwa sababu hakusumbui na uongo. Alipokaa juu ya katoni kupumzika, nilimsimulia habari ya fleti. Bei ya chini. Bibi wa balkoni. Mapazia.

Hakunisubiri nimalize. "Ah," akasema, akazima sigara.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayeeleza njia. Kwao, mzee akiwa na nyumba lakini hana pesa ya kula, anaweza kuuza nyumba na kubakisha haki ya kuishi ndani yake mpaka siku ya kufa. Mnunuzi anapata hati. Mzee anabaki na ufunguo. Ndiyo maana bei inashuka, kwa sababu hununui nyumba, unanunua foleni ya kuingia nyumba.

"Ni wizi?" nikauliza.

"Hapana. Ni halali kabisa, wengine wanapenda. Lakini lazima mnunuzi ajue. Huyo dalali wako hadanganyi. Anangoja tu ninyi msiulize."

Hapo nilimheshimu Bila Soksi kidogo, jinsi mtu anavyoweza kumheshimu panya. Alikuwa ametambua kitu ambacho ndugu zangu hawakukitambua: kwamba adabu yao ingemfanyia kazi bure.

Yule mama alinipa na mengine, huku akinionyesha viatu vya kufunga karatasi. Mwanasheria awe wako, umemtafuta wewe na kumlipa wewe, asiwe na udugu na dalali. Yeye ndiye achukue taarifa ya nyumba kutoka ofisi ya ardhi, aone mwenye nyumba ni nani hasa na nyumba imefungwa na nini. Aulize pia kamati ya jengo kama kuna deni la ada, maana kule deni la jengo hukaa ndani ya nyumba na kumngoja anayeingia. Na hakuna arbuni kabla ya hayo. Sikuandika popote. Kichwa changu ndicho ofisi yangu, na hakijawahi kukosa umeme.

"Nina ombi," nikamwambia mwisho. "Unaweza kumwuliza bibi wa watu swali moja kwa simu?"

"Swali gani?"

Nilipomwambia, alicheka mpaka akakohoa. "Na kwa nini ndugu yako hakuuliza mwenyewe?"

"Amesoma," nikasema.

Simu ya pili ilikuwa jioni, sebule ile ile, watu wachache zaidi. Alikuwepo dada wa shemeji, mchungaji aliyepitia kuchukua sufuria yake, na sisi. Bahari ilionyeshwa. Ilipendwa. Mimi nilikuwa nimeshika simu yangu, yule mama wa Kihispania akiwa kwenye laini, sauti imefunguliwa, anangoja The Pearl na sigara yake.

Nilimwambia mdogo wangu kwa upole ambao si wangu, "Mwambie dalali tumsalimu nyanya. Si vizuri tuingie nyumba mara ya pili bila salamu."

Shemeji alinitazama kama niliyeokoka. Na Bila Soksi angefanya nini? Amewauzia watu wa adabu, sasa wanataka kutoa adabu. Simu ikaenda balkoni. Bibi alikuwa kwenye kiti, miguu juu ya stuli. Nikaisogeza simu yangu karibu na simu ya mdogo wangu, nikasema, "Haya mama, mwulize."

Kihispania kikatoka kama mvua juu ya bati. Bibi alikunja uso, akasikiliza, kisha akaangua kicheko kilichofanya ndara moja ianguke. Akajibu kwa maneno marefu, akipigapiga mkono wa kiti. Nilimwona Bila Soksi akifumba macho.

"Anasema," sauti ya The Pearl ikatafsiri, "nihame? Niende wapi? Ninauza kuta, siuzi kitanda changu. Nitatoka humu nimebebwa. Lakini waambie waje, kahawa ipo, na hao watoto ni wazuri."

Hakuna aliyesema amina.

Mdogo wangu akamwuliza Bila Soksi, safari hii bila kuomba radhi, kama ni kweli. Bila Soksi akasema mambo yote yamo katika maelezo ya Kihispania, kwamba ni nafasi nzuri sana kwa mtu mwenye subira, na kwamba mama, kwa umri wake, unajua... Akaachia hapo. Mdogo wangu akakata simu. Televisheni ikabaki nyeusi, sisi sote tumo ndani yake, wadogo na wanene.

Shemeji alikuwa amekaa na mikono mapajani. Niliona anavyopiga hesabu. Barua ya kuacha kazi imeshafika kwa wakubwa, mkataba wa mumewe unakwisha, watoto wanahitaji shule ifikapo Septemba. Mtu aliyebanwa hivyo hufikiria vitu ambavyo asingefikiria ameshiba.

"Ana miaka mingapi?" akauliza, polepole.

Akatugeukia mmoja mmoja.

"Sisemi vibaya. Mimi ni nesi. Miguu yake ilikuwa imevimba, mliona? Ile ni moyo. Labda haitakuwa muda..."

Mchungaji akakohoa, akawa kama anataka kusaidia. "Tunaweza kuliweka jambo hili katika maombi."

"Tuombe nini, mchungaji?" nikamwuliza. "Aishi sana au afe upesi? Ili tuitikie pamoja."

Yule mtu ana sauti ya kufukuza wezi, lakini pale haikutoka. Alitazama sufuria yake. Nawaapia, katika miaka yangu yote ya kuwadharau wachungaji, sijawahi kuona mmoja akikosa ombi. Dada wa shemeji alianza kucheka, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mama yetu," nikamwambia shemeji, "ni rika la yule bibi. Miguu yake pia inavimba. Kuna mtu mahali anaikagua?"

Ndipo akalia, si kwa furaha. Sikumbembeleza, siyo kazi yangu. Mdogo wangu ndiye aliyekwenda kukaa karibu naye, akamshika mkono, akasema neno la kwanza la maana kutoka kwake tangu ile hoteli.

"Sitaki nyumba ambayo itabidi niiombee msiba."

Arbuni haikutumwa. Akiba yao ikabaki mahali pake, na wao wakabaki hawana pa kwenda. Basi ikabidi wafanye kile ambacho mtu asiye na digrii angefanya tangu mwanzo. Walipata mwanasheria wao wenyewe, kwa msaada wa mama wa viatu, na wakaomba kibali kwa njia ya kazi ya kompyuta. Waliamua kupanga nyumba kwanza katika mji ule ule, wauone wakati wa baridi watalii wakiwa wameondoka, na wasinunue hata mlango mpaka wajue majirani kwa sura. Shemeji akaenda kwa wakubwa wake kuomba barua yake irudi, wakamkubalia akae mpaka karatasi zitoke. Bila Soksi hakukosa mtu. Nasikia fleti ile alimpata mwanamume niliyemwona ukumbini, mmoja aliyepakia vitafunio kwenye kitambaa akaviweka mfukoni. Sijui kama ameambiwa. Namtakia subira.

Siku ya kuagana walikusanyika tena Al Thumama, pilau lile lile. Nyumba ilikuwa tupu, katoni zimepangwa mlangoni, alama nyeupe ukutani. Nyumba ya watu wanaohama kweli. Mdogo wangu alisimama kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu aliyewafumbua macho. Alimshukuru mchungaji kwa maombi, sijui yapi. Alimshukuru mwanasheria, ushirika, na "roho ya utambuzi" iliyowaokoa na mtego. Watu wakasema amina. Hiyo roho ya utambuzi ilikuwa imeegemea friji, na mkanda wa kubebea begani.

Friji lilikuwa linakwenda kwangu Muaither. Si zawadi, walishindwa kuliuza. Niliinama nikalishika upande mmoja, fundi wangu upande wa pili, tukaliteremsha ngazi.

Chini, nikilifunga kamba ndani ya lori, nikamsikia mdogo wangu anashuka nyuma yangu. Alisimama pale akizungusha funguo ambazo angezirudisha jioni ile. Nilijua anataka kusema kitu, na nilijua hatakisema. Amesoma sana.

"Brathe," akasema mwishowe. "Ile tuliyopanga kule. Aliyekuwemo..."

"Alihama wiki iliyopita," nikamwambia. "Nimeuliza."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda juu kwa wageni wake. Nikaivuta kamba tena, maana fundi wangu naye hufunga kama mtu aliyesoma.